Gauni Lililopwaya Mosetlheng

"Umenishonea hema! Humu ndani naingia mimi, anaingia mbuzi, na bado nafasi inabaki."

"Shangazi, nimekata kwa kipimo chako."

"Kipimo cha lini? Cha kabla ya ukame?"

"Cha mwaka jana, harusi ya kina Molefhe. Gauni lile lilikukaa mpaka ukataka upigwe picha ya mgongoni."

"Mwaka jana ni mwaka jana. Fumua!"

Ni saa moja asubuhi, Jumamosi. Gabaikangwe Ramotse, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, amesimama katikati ya chumba cha mbele, ameshika gauni la leteisi, kitambaa cha buluu cha sherehe, kwa mikono miwili kama mtu aliyemkamata mwizi kwenye kola. Mbele yake, nyuma ya cherehani ya miguu, ameketi mpwa wake Kelebonye Ramotse, mwenye miaka thelathini na sita, fundi pekee wa nguo za kike katika mji mdogo wa Mosetlheng, Botswana.

Wanapiga kelele wapendavyo, maana hakuna wa kuwasikia ila mwandishi wa gazeti, mgeni aliyekaa pembeni na daftari lake. Mji mzima uko makaburini kumzika mzee Keoagile, aliyeendesha trekta la halmashauri kwa miaka thelathini. Barabarani anapita punda mmoja tu, naye hana haraka.

Kutokwenda kuzika ni kosa. Huku watu huhesabiana kaburini. Usipoonekana leo, siku yako ikifika kuna atakayekumbuka kwamba ana kazi nyingi nyumbani.

"Wewe mbona hukwenda?" shangazi anauliza.

"Nina magauni ishirini na manne ya harusi yenu. Na wiki nzima nimekwenda kwenye sala za jioni. Wewe je?"

"Mguu."

"Mguu upi?"

"Wangu. Nao unataka kuupima?"

Harusi yenyewe ni Jumamosi ijayo. Anaolewa Tshegofatso, binti wa baba mdogo wa Kelebonye. Kabla ya jua kuchomoza, wanawake walioolewa wa upande wa bibi harusi watakaa mkekani kuwapokea wageni wa upande wa bwana, wote ndani ya leteisi moja, kilemba kimoja, na blanketi lililobanwa kwa pini kifuani. Gabaikangwe, shangazi mkubwa wa ukoo, ndiye atakayeketi mbele na kujibu kwa niaba yao. Asipoafiki yeye, ng'ombe wa mahari hawaingii zizini. Gauni lake litaangaliwa kuliko la bibi harusi.

Kelebonye hatakuwepo mkekani. Hajaolewa.

"Nawavalisha, nawafunga vilemba, nawageuza mbele na nyuma," anasema. "Wakishapendeza wananiambia, haya MmaWame, kaangalie sufuria." Watu humwita kwa jina la binti yake wa pekee, Wame, mwenye miaka kumi na mitatu, ambaye tangu Januari yuko shule ya bweni. Anacheka anapolisema hilo la sufuria, lakini mguu wake hautulii. Unakanyaga pedeli hata pale ambapo hakuna kitambaa chini ya sindano.

Miaka kumi na mmoja ameshona katika chumba hiki, ndani ya boma aliloachiwa na mama yake. Ana desturi moja inayomfanya asifiwe mji mzima, kwamba hampimi mtu mara ya pili. Ukipita kwenye futi yake mara moja, kifua chako, kiuno chako na urefu wa mkono wako vinakaa kichwani mwake kama nambari ya simu. Mwaka unaofuata unaleta kitambaa tu, unamwachia, unakwenda zako.

Wateja wanaipenda desturi hiyo. Mwalimu mmoja mgeni aliwahi kudai apimwe upya, wakamcheka hadi dukani. Mosetlheng watu hawafiki elfu mbili, na wengi wamezaliwa hapa hapa. Nani atabadilika, na abadilikie nini?

Utulivu huo ndio unaomfukuza Kelebonye.

"Kuna siku nasikia kope zangu zikipepesa," anasema. "Gari likipita naacha kushona nitazame. Nikilijua la nani, narudi kwenye kazi nimeudhika. Nisipolijua, nina la kufikiria mpaka jioni. Haya ni maisha ya mtu mzima?"

Mwezi uliopita alipigiwa simu na Onkgopotse, rafiki yake waliyesoma naye ushonaji Gaborone. Onkgopotse sasa ni msimamizi katika karakana ya kushona sare za shule. Kuna nafasi. Mshahara ni pula elfu tatu na mia moja, kila mwezi, iwe kuna harusi au hakuna. Sharti ni awe mlangoni Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, la sivyo anachukuliwa mwingine.

Basi la Gaborone hupita Mosetlheng mara moja kwa siku, saa sita mchana. Jumapili halipiti. Basi la leo ndilo la mwisho.

Kelebonye hajafunga begi. Kwenye simu yake kuna ujumbe alioandika Alhamisi: "Samahani dada, sitaweza. Nashukuru." Hajautuma. Wala hajaufuta.

Kinachomshika si woga wa mjini. Mjini amekwishaishi. Alipanga chumba kimoja huko kwa miezi kumi na minne, ukuta mmoja na jirani aliyekohoa kila asubuhi, na mpaka anahama hakulijua jina lake. Aliwahi kuugua homa siku nne. Hakuna aliyegonga mlango.

Mosetlheng mlango haugongwi kwa sababu haufungwi. Ufunguo wa nyumba hii ulipotea mama yake akiwa hai na hakuna aliyehangaika kuutafuta. Mama alipofariki, majirani walipika uani siku saba mfululizo na hawakumwachia hata kijiko kichafu. Wame alipoumwa na nge akiwa na miaka mitano, magari matatu yalisimama getini kabla Kelebonye hajamaliza kupiga yowe. Halipi kodi, kuni zipo, na maziwa mgando ananywa kutoka kwa ng'ombe wa shangazi yake.

Upande wa pili wa mambo hayo anausimulia haraka zaidi, kama mtu anayeng'oa uzi kwenye pindo.

Gauni moja ni pula mia tatu na hamsini. Mwezi wa harusi anapata hadi elfu mbili na mia nane. Februari na Machi akipata mia tano ameshukuru. Mwaka juzi alijaribu kupandisha bei ifike mia nne. Jumapili iliyofuata, mwenyekiti wa umoja wa akina mama akasimama kanisani, akaomba dua dhidi ya roho ya tamaa iliyomwingia "binti yetu mmoja anayetumia sindano".

"Hakutaja jina," Kelebonye anasema. "Mafundi wa kike wako wangapi hapa?"

Bei ikarudi palepale.

Anajua pia kwamba akinunua friji mpya mji unajua kabla haijapoa. Mwanamume akisimama getini kuuliza njia, jioni anaulizwa mahari ni ng'ombe wangapi. Na tangu Wame aende bweni, nyumba imekuwa kimya mara mbili.

Aliyepinga safari hii kuliko wote ni Gabaikangwe. "Mtu haachi kaburi la mama yake likaota majani," alimwambia mbele za watu, kwenye foleni ya kusaga mtama. "Huku ukikohoa nakusikia. Huko nani atakuona?"

Neno hilo ndilo lililoandika ule ujumbe wa Alhamisi.

Sasa shangazi huyo huyo amemtupia gauni mapajani.

"Fumua, nasema. Punguza. Wasije wakarudi kutoka mazikoni wakanikuta nimesimama hapa kama kunguru aliyelowa."

"Nipunguze kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha."

"Kutosha ni inchi ngapi, shangazi? Sikati kwa hasira zako. Vua hilo koti nikupime."

"Wewe si hupimi watu mara ya pili?"

"Leo napima."

Gabaikangwe hatingishiki. Ni Novemba mwishoni, mvua zimekataa kunyesha, joto limeanza kupanda hata saa hii, naye amevaa koti la sufu lililofungwa vifungo vyote. Kelebonye anainuka, anatoa futi shingoni. Anaanza kumfungua vifungo mwenyewe, kwa ukali, kama mama anayemvua mtoto nguo zenye matope.

Chini ya koti kuna blauzi. Chini ya blauzi kuna nyingine.

Kelebonye anazungusha futi kifuani. Anasoma. Anaachia, anazungusha tena, safari hii polepole.

"Arobaini na nne," anasema.

"Bado ni hiyo hiyo?"

"Hiyo ni ya mwaka jana. Leo ni thelathini na saba."

Shangazi anaangalia dirishani.

"Inchi saba, shangazi."

"Nimeacha sukari kwenye chai."

"Inchi saba si chai."

Huku nyuma pasi ya mkaa inatoa cheche kidogo. Kelebonye anapima kiuno, anapima mabega, hatamki nambari. Nazo hazihitaji kutamkwa, kwa sababu mfupa wa bega unaonekana wazi na futi imeukalia kama kamba iliyotupwa juu ya mwamba.

"Kila asubuhi nakuja kwako kuchukua maziwa," anasema hatimaye. "Kila asubuhi. Nakaa kwenye kile kigoda, tunacheka, narudi."

"Unakuja. Sijasema huji."

"Sikuona kitu."

"Utaonaje? Mtu anayekuona kila siku hakuoni, mwanangu. Mimi mwenyewe nilijua siku sketi ilipodondoka nikienda zizini. Ng'ombe ndio waliokuwa wa kwanza kupata habari."

Anacheka, na kicheko kinamkatikia njiani. Anaketi juu ya kreti la soda ambalo wateja hukalia wakisubiri. Sasa ndipo yote yanatoka, kwa sauti ya chini ingawa nje hakuna mtu. Imekuwa tangu Julai. Kiu isiyokwisha; anamaliza mtungi akiwa kitandani. Macho yanaingia ukungu. Kidonda cha kidole cha mguu hakikauki. Kumbe ule mguu aliousingizia unauma kweli.

Zahanati ya Mosetlheng iko hatua mia mbili kutoka kwake. Hajaingia.

"Kwa nini?"

"Muuguzi tunaimba naye kwaya. Nikitoka pale mlangoni, sauti ya pili nzima inajua. Jioni sauti ya kwanza. Jumapili naombewa."

"Muuguzi hasemi."

"Hasemi. Lakini mabenchi ya nje yanasema. Nani alikaa, alikaa muda gani, alitoka na karatasi ya rangi gani. Nawajua, maana na mimi ni mmoja wao. Mimi ndiye niliyesema ya MmaGosego alipokuwa na presha. Unadhani alisahau?"

Alikuwa amekata shauri avumilie mpaka harusi ipite. Mazikoni hakwenda kwa sababu nguo zake nyeusi nazo zinapwaya, na kaburini watu husimama kwenye mwanga wakitazamana. Alichagua saa hii aje kugombana kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo Mosetlheng haina masikio.

"Sifichi milele," anasema. "Nataka nijue kwanza ni nini, halafu niwaambie mwenyewe kwa kinywa changu. Sitaki waniambie wao."

Anapoulizwa kama habari hii inaweza kuandikwa gazetini na jina lake likiwemo, anafikiri kidogo. "Andika. Mpaka gazeti lifike huku, mimi nitakuwa nimeshapimwa na nimeshawatangazia."

Kelebonye ameanza kutembea. Chumba ni kidogo, hatua nne kwenda na nne kurudi. Anapanga bobini zilizokwisha kupangwa. Anazima pasi. Kisha anasimama mbele ya shangazi yake, mikono kiunoni.

"Ulisema huko hakuna atakayeniona."

"Nilisema."

"Na hapa nimekuona mimi? Miezi mitano, shangazi. Aliyekuona ni futi, na futi naweza kubeba."

"Usinigeuzie maneno, mtoto. Mimi ni mgonjwa."

"Ndiyo, u mgonjwa. Na huwezi kungoja wiki. Basi linapita saa sita."

"Na mimi na basi wapi na wapi?"

"Kila mtu hapa anajua nimepata kazi. Wamelisema mwezi mzima, wamechoka. Binti wa ukoo akienda kuanza kazi mbali, nani humpeleka?"

Kila mtu Mosetlheng anajua jibu. Shangazi yake ndiye humpeleka. Ndiye anayekwenda kuona mahali atakapolala, kumsalimu mwenye nyumba, kuacha neno la ukoo. Hakuna atakayeuliza kwa nini amepanda basi. Wangeuliza kama asingepanda.

"Jumatatu asubuhi mimi nitakuwa kazini," Kelebonye anaendelea, "na Onkgopotse atakupeleka hospitali, zamu yake inaanza mchana. Huko hakuna anayeimba kwaya na wewe. Utakaa benchini mpaka uchoke, hakuna atakayejua wewe ni nani. Ule ubaya wa mjini uliokuwa ukinitisha nao, wewe ndio unaouhitaji."

"Na harusi?"

"Ijumaa unarudi. Gauni lako nakupunguzia huko huko, kwa mkono."

"Ijumaa *tunarudi*."

"Ijumaa tutakuja," Kelebonye anasema.

Anachukua simu. Anaufuta ule ujumbe wa Alhamisi. Mtandao ndani ya nyumba hushika pembeni mwa kabati tu, kwa hiyo anapiga akiwa ameegemea huko, shavu ukutani. "Onkgopotse? Nakuja leo. Tandika godoro la pili, nakuja na shangazi. Hapana, hali nyama ngumu. Ndiyo, huyo huyo anayenisema."

"Nakusikia," shangazi anasema kutoka kwenye kreti.

Yanayofuata yanachukua chini ya saa tatu. Magauni ishirini na matatu yanakunjwa na kupangwa kitandani, kila moja na jina la mwenyewe kwenye kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini. La ishirini na nne linaingia kwenye begi pamoja na mkasi, nyuzi na futi. Kelebonye anafungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, anakifunga ndani ya blanketi la Wame. Meza na pedeli anaziacha. Shangazi anakwenda kwake, anarudi amevaa blauzi tatu na koti lile lile, ameshika kapu lenye maji chupa nne na maandazi.

Watu wamesharudi kutoka mazikoni, wamekula, wamekaa vivulini mwa duka lililo kituoni. Wanawaona tangu mbali. Hakuna namna ya kutoonekana kwenye barabara ile. MmaGosego, yule wa presha, ndiye anayeinuka.

"Mnakwenda wapi na mzigo wa mtoto mchanga?"

"Si mtoto, ni cherehani," Gabaikangwe anajibu kabla mpwa wake hajafungua mdomo. "Nampeleka binti yetu kazini Gaborone."

"Wewe? Wewe uliyesema hatatoka hapa mpaka utoke wewe?"

"Basi na mimi ninatoka. Umeridhika?"

Watu wanacheka. MmaGosego hacheki. Anaangalia koti, anaangalia chupa nne za maji, anamwangalia Gabaikangwe usoni kwa muda unaozidi kidogo adabu. Kisha anavua kofia yake ya majani na kumvika.

"Jua la safarini ni kali, dada," anasema, na anarudi kuketi.

"Magauni yako kitandani kwangu," Kelebonye anawaambia wanawake. "Ingieni mchukue. Kila moja lina jina, msibadilishane halafu mkanilaumu."

"Na yakitubana?"

"Yakiwabana mmenenepa. Semeni hivyo hivyo."

Anapoulizwa anatarajia nini, Kelebonye anazungumza akitazama upande basi linakotokea. Anataka kujifunza kukata vitambaa kwa mashine, safu hamsini kwa mara moja. Anataka Wame, shule ikifungwa wiki ya pili ya Desemba, akute chumba chenye kitanda chake. Baada ya miaka miwili anataka karakana yake, pengine katika mji wa Palapye, pasipo kimya kama hapa wala kelele kama kule. Hana hakika kwamba atapenda kushona mikono ya mashati ya watoto asiowajua. "Nikichukia, nitachukia nikiwa nimeona," anasema. "Na watu nitakuwa nawapima kila mara. Hata niliowapima jana."

Basi linafika na vumbi lake. Kondakta anataka cherehani iwekwe kwenye buti. Kelebonye anakataa, anaipakata. Shangazi anapewa kiti cha dirishani, anafungua chupa ya kwanza ya maji kabla hajakaa vizuri.

"Gaborone wawili," kondakta anasema, akilamba kidole kung'oa tiketi. "Za kwenda na kurudi? Nafuu pula ishirini."

"Ya huyu, kwenda na kurudi," Kelebonye anasema. "Yangu ya kwenda tu."

"Kwani hurudi kwenye harusi ya Jumamosi?"

"Ijumaa nakuja kama mgeni. Kata tiketi."

Kondakta anakata. Saa sita na dakika saba, basi linaondoka.